Mkeka wa Koko Sittina

Wenzangu wa kituo cha umeme, asanteni kwa jiko la umeme mlilonipa siku ya kuniaga. Ni zuri, lina vitufe vingi, na umeme ukirudi nitalijaribu.

Siku ile mlinitaka niseme maneno machache nikashindwa, na sababu yake mtaijua mkisoma mpaka mwisho. Naandika Kiswahili nilichofunzwa na mama yangu, aliyezaliwa Unguja. Nikiandika Kingazija, watu wa Mutsamudu watanuna. Nikiandika Kianzuani, watu wa Moroni watasema najitenga tena. Nikiandika Kifaransa nitaanza kujisifu, maana ndiyo lugha niliyofundishwa kuombea kazi.

Wastaafu wengine huandika walipandishwa cheo lini. Mimi nataka kuwaeleza kwa nini chumba chetu cha mikutano kina mkeka mkuukuu katikati, na kwa nini mkutano wa wahandisi hauanzi mpaka mwanamke aketi juu yake. Najua wengi wenu mnadhani ni agizo la wizara. Wizara haijawahi kufikiri jambo zuri namna hiyo.

Nilianza kazi Moroni. Nilikuwa nimetoka masomoni ng'ambo na shahada ya uhandisi na viatu vipya, na uso nimeupaka msinzano, lile liwa letu la msandali, kwa sababu mama alisema siku ya kwanza ya kazi ni kama siku ya kuposwa, mtu hutazamwa. Mlinzi wa lango alinitazama kweli, lakini mikononi.

"Chakula cha nani?" akaniuliza.

"Sikuleta chakula."

"Ah, umefuata vyombo!"

Akanifungulia lango kwa heshima zote na kunielekeza jikoni. Hivyo ndivyo mhandisi wa kwanza wa kike alivyoingia kituoni.

Mkuu wa kituo, Bwana Ahamada, alikuwa mtu mwenye adabu nyingi mno, na adabu yake ndiyo iliyonimaliza. Hakunikataa hata siku moja. Alisema tu kwamba mwanamke hasimamishwi penye joto na makelele watu wakaona vizuri, basi akanipa ufunguo wa stoo, nitunze vichujio na mikanda ya feni. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja: zamu. Nilitaka jina langu liandikwe kwenye ubao wa banda la mashine, kwamba kuanzia saa fulani mpaka saa fulani umeme wa mji uko mikononi mwa Echati binti Madi. Kila nilipoomba, Bwana Ahamada aliniuliza hali ya mama.

Wanawake wa mjini waliposikia kuna binti mhandisi, walianza kuniletea pasi zao. Mke wa Bwana Ahamada ndiye aliyekuwa wa kwanza. Baadaye zikaja birika, feni za maharusi, na siku moja kinanda kilichomwagiwa mchuzi. Nilitengeneza vyote, kinanda kikabaki na harufu ya bizari. Vijana mnaocheka, jueni kwamba sijawahi kuona jenereta lenye matatizo mengi kama pasi iliyopita kwa shemeji anayejua kutengeneza.

Aliyenionea huruma ni Fundi Mbaraka, msimamizi wa banda la mashine, mtu wa Vouvouni. Makelele ya mashine yalikuwa yamemla masikio, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya bandari. Alinifundisha kusikiliza mashine kwa bisibisi: ncha yake unaigusisha kwenye chuma, mpini unaukandamiza nyuma ya sikio, na mfupa unasikia kile ambacho sikio limeshindwa. Bwana Ahamada akienda kula, Fundi alinipigia kelele nitoke stoo. Siku moja bomba la mafuta lilipasuka likaniogesha uso mzima, msinzano na dizeli vikawa kitu kimoja.

"Usifute!" akapaza sauti. "Tangu nianze kazi, leo ndiyo mara ya kwanza banda hili linanukia!"

Nilimpenda mzee yule. Alinikemea sawasawa na alivyowakemea wanaume, wala hakuniuliza hali ya mama.

Sasa niwaeleze mikutano ya Moroni. Mnajua kule Ngazija mwanamume aliyefanya anda, yaani harusi kuu ya ada, ndiye anayetangulia kukaa na kusema kwenye bangwe, uwanja wa mji. Asiyefanya ni mtoto, hata awe na mvi. Ada hiyo haikuandikwa popote kituoni, lakini viti viliijua. Mbele walikaa waliokwisha kufanya anda, mmoja wao mhasibu aliyeogopa hata kubadilisha balbu. Nyuma walikaa wasiofanya, ambao ndio waliolala na mashine. Mimi, mwanamke, tena wa Anzuani, kiti changu kilikuwa mlangoni kando ya mtungi wa maji. Mwenye kiu alinyoosha kikombe, nikamtekea.

Siku moja mhandisi mmoja kijana, hajafanya anda, alinyoosha mkono mhasibu akiwa katikati ya salamu zake. Bwana Ahamada akamwambia asubiri, mkubwa hajamaliza. Kijana akashusha mkono, kwani alilelewa vizuri. Mhasibu akaendelea na salamu, akaingia kwenye shukrani, akarudi kwenye salamu. Ilipofika zamu ya kijana, tayari sote tulikuwa tunakohoa, kwa kuwa alichotaka kusema ni kwamba swichi iliyokuwa nyuma ya pazia inawaka moto. Niliuzima kwa maji ya mtungi baada ya kukata umeme, maana mtungi ulikuwa wangu. Hakuna aliyeumia ila pazia. Katika kumbukumbu za mkutano moto ule uliandikwa chini kabisa, kwenye "Mengineyo".

Kisha Anzuani ikatangaza kujitenga. Siasa zake waulizeni wanaozielewa, mkiwapata. Mimi najua tu kwamba pale sokoni Volo Volo, mwuza nyanya aliyekuwa akiniita mwanangu aliniuliza kama nyanya zake nazo nimejitenga nazo. Nilimwambia hapana, nipimie. Akanipimia, lakini zile za juu hakunipa. Juma lile Bwana Ahamada alinieleza kwa adabu kwamba ndugu zangu wa Mutsamudu wananihitaji. Fundi Mbaraka akanipa bisibisi yake, akanipigia kelele za kuniaga mpaka mlinzi akadhani tunagombana.

Nikashuka bandarini Mutsamudu nikamsalimu mchukuzi wa kwanza. Akamgeukia mwenzake: "Wametuletea Mngazija." Baada ya miaka yote ile Moroni, ulimi wangu ulikuwa umehamia kule bila kuniuliza.

Mkuu wa kituo cha Mutsamudu alikuwa Bwana Bakari, mtu mnene mwenye haraka. Kituo kilikuwa na mashine mbili, moja ikikohoa, na vipuri kutoka Moroni vilikuwa vimekatika. Ofisi ya wahandisi karibu na bandari ilikuwa imechukuliwa na watu wenye bunduki, waliohitaji mahali pa kutandika magodoro na kusimamisha bendera. Bwana Bakari aliniuliza hali ya mama, akanipa ufunguo wa stoo.

Kwa kukosa ofisi, alimwendea rafiki yake Mzee Halidi, aliyeishi mji wa kale, akamwomba sebule ya chini. Mzee Halidi akakubali palepale barazani, wakapeana mikono, wakasoma Fatiha. Wahandisi wakahamia na michoro yao, na pistoni moja ikawekwa juu ya kabati la vyombo vya kichina. Yote yalikwenda sawa, isipokuwa nyumba haikuwa ya Mzee Halidi.

Ninyi nyote mnajua kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, na mume huja na sanduku lake. Hata Bwana Bakari alikuwa akilala kwa mkewe. Lakini wanaume wetu wakishakaa barazani, kila mmoja ana nyumba. Mwenye nyumba hasa, Koko Sittina (koko, yaani bibi, ndivyo mji mzima ulivyomwita), alikuwa Domoni kwenye harusi. Alirudi amejitanda shiromani yake nyekundu, akakuta wanaume sita na viatu vyao sebuleni.

Mimi nilikuwa nimeleta vichujio, nikayaona kwa macho yangu.

"Kwezi, koko," wakamwamkia wote kwa pamoja.

"Mbona," akaitikia, maana salamu haina kosa. "Nani kawakaribisha?"

"Mumeo, koko," akasema Bwana Bakari.

"Mume wangu naye ni mgeni. Ila amekaa sana."

Mzee Halidi, aliyekuwa kizingitini, akakumbuka kuwa ana shughuli msikitini.

Koko aliishusha pistoni kwa mikono miwili, akaifuta kwa shiromani, akaiweka sakafuni. Hakuwafukuza, kwa kuwa walikwisha kunywa maji yake. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye hakuwapa jembe, aliwapa masharti. Viatu nje. Viti juu ghalani, watu wakae mkekani. Bwana Bakari akauliza wakubwa watakaa wapi.

"Mkeka hauna mbele, baba. Kaeni."

Sharti la mwisho ndilo lililobadilisha maisha yangu. "Wanaume wa nje hawakai nyumbani kwangu bila mwanamke wa kuwatazama. Mimi nina mjukuu wa kumwoza, siwezi kulinda vikombe kutwa. Wewe mwenye vichujio, jina lako nani?"

"Echati, koko."

"Tangu leo wewe ni mwanangu. Ukiwapo, hawa wapo. Ukitoka, na wao nje."

Basi, ndugu zangu, hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mikutano ya wahandisi: si kwa shahada, bali kulinda vikombe. Nilitia saini moyoni bila kusoma masharti.

Siku za kwanza walinisahau, wakapanga yao. Asiyekuwapo na lake halipo, lakini mimi nilikuwapo na langu halikuwapo. Mpaka nilipoinuka kwenda kuswali adhuhuri. Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Koko ikasema, "Nje." Wahandisi sita wakatoka na michoro yao, wakasimama uchochoroni juani. Niliporudi walikuwa wamesimama palepale, na Bwana Bakari amejifunika kichwa kwa ramani ya nyaya za mji. Niliswali haraka, Mungu anisamehe, kwa kuwa nilikuwa nacheka.

Kutoka hapo wakawa na desturi ya kuniita bweni, yaani bibie, na kuniuliza kwanza, "Bweni Echati, unatarajia kuinuka?" Mtu akishakuuliza utainuka lini, hachelewi kukuuliza unaonaje. Nilianza kusema ninavyoona. Wengine walikohoa, lakini hakuna aliyethubutu kuniambia nisubiri mkubwa amalize.

Ndipo mashine ya pili, ile iliyokuwa ikikohoa, ikazima kabisa, na ya kwanza peke yake haikuweza kubeba mji. Mtaa wetu ukawa gizani. Harusi ya mjukuu wa Koko ilikuwa imekaribia. Kwenye mkeka kila mhandisi alikuwa na ugonjwa wake wa kuipa mashine. Waliibishania asubuhi nzima, na hakuna aliyekuwa amekwenda kuigusa.

Nikainuka.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bwana Bakari.

"Kuitazama."

"Mkutano haujaisha!"

"Nje," likasema pazia.

Nilishika njia ya kituoni, na wao nyuma yangu kwa mstari katika vichochoro, kila mmoja na mchoro wake umeviringishwa kwapani. Watu waliokuwa madukani walisimama kwa heshima, wakidhani tunakwenda mazikoni. Wawili walijiunga nasi.

Bandani tuliiwasha ikakubali kwa shida, moshi mweusi. Nikashika bisibisi ya Fundi Mbaraka, nikaigusisha silinda moja moja. Mhandisi mmoja, Saidi, aligusa mabomba ya moshi akasema la nne halipati moto kama mengine. Kweli, kwenye silinda ya nne mfupa wangu ulisikia mgongano mbaya. Tukaifungua mashine pamoja, yeye na mimi. Nozeli, zile ncha zinazonyunyiza mafuta ndani, zilikuwa zimelika, na stoo hakuna hata moja. Hilo nililijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa stoo ilikuwa yangu.

"Nitazitafuta," nikamwambia Bwana Bakari. "Na mashine ikiwaka, nataka zamu."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa figo. Watu wote walikuwa wanasikiliza, hata wale wawili wa mazikoni.

"Ikiwaka, zamu yako," akasema. "Isipowaka, unarudi stoo, na uso wako sitaki kuuona kwenye mikutano, Koko apende asipende. Tutakutana hata kwenye mashua."

Nilimpigia simu Fundi Mbaraka kutoka posta, huku mtu mwenye bunduki amekaa mezani anasikiliza. Fundi kwa uziwi wake alikuwa anapiga kelele upande wa pili mpaka posta nzima ilisikia, "NOZELI? NOZELI NGAPI?" Yule mwenye bunduki akaniuliza Nozeli ndiye nani. Nikamjibu kwamba ni watu wa bwana harusi. Akasema waje tu, mradi wasilete siasa.

Mke wa Fundi ndiye aliyezifunga na kuzificha kwenye mzigo wa harusi. Boti ya abiria ilipopata ruhusa ya kuvuka, ilileta sanduku la zawadi za harusi kutoka kwa jamaa za Koko walioko Moroni. Tulikwenda bandarini kulipokea, Koko na mimi. Pale langoni kijana mwenye bunduki akaamuru lifunguliwe. Nozeli zikikamatwa, basi stoo ndiyo kaburi langu.

Koko akalifungua mwenyewe. Juu kabisa zilikuwa zimepangwa nguo za ndani za bi harusi, za rangi zote.

"Chukua, mwanangu," akasema Koko kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meli. "Shika hii ya waridi uitazame vizuri. Mama yako namjua, nitamwambia umeipenda."

Wachukuzi wakaacha mizigo. Kijana akafunga sanduku kwa ncha ya bunduki, macho yakiwa baharini, akatuombea harusi njema. Nozeli zilikuwa chini, kila moja imevalishwa soksi ya mtoto.

Tulizifunga siku ileile, Saidi na mimi, Bwana Bakari akizunguka mashine na kutuuliza kama bado. Mara ya kwanza ilikataa. Bwana Bakari akafungua mdomo, nami nikajua neno litakalotoka ni stoo. Saidi akasema, "Tutoe hewa kwenye mafuta kwanza, bweni," tukaitoa. Mara ya pili ilikohoa, ikapiga chafya, ikaunguruma. Niliweka bisibisi nyuma ya sikio, na kile nilichosikia sijasikia wimbo wa kukishinda. Kutoka mji wa kale tulisikia vigelegele vya wanawake vikishuka mtaa kwa mtaa, kadiri taa zilivyowaka. Bwana Bakari akachukua chaki akaandika jina langu ubaoni. Alikosea herufi mbili. Sikumsahihisha, nisije nikamwona anafuta.

Nilifanya zamu mpaka mambo ya kujitenga yalipotulia, na wenye bunduki wakatuachia ofisi pamoja na harufu ya magodoro. Tulimshukuru Koko, tukahama. Siku ya mkutano wa kwanza nilifungua mlango nikaona viti vimerudi. Bwana Bakari mbele, wakubwa wake kando. Mlangoni kulikuwa na mtungi wa maji, na kando ya mtungi kiti kitupu. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyesema neno baya. Niliuma midomo nisilie, nikaketi, na mtu mmoja akaninyooshea kikombe.

Hapo mlango ukagongwa. Mchukuzi wa bandarini aliingia na mkeka begani, akautupa katikati ya chumba.

"Salamu za Koko Sittina," akasema. "Anasema mkeka huu ni wake, na anayekaa juu yake yuko nyumbani kwake. Na anasema viatu."

Walitazamana. Wangeweza kuukataa, lakini nani angekwenda kumwambia? Na mke wa Bwana Bakari alikuwa mpwa wake Koko, na mtu lazima arudi nyumbani kulala. Saidi ndiye aliyevua viatu kwanza. Wakafuata mmoja mmoja, wakasimama pembeni na soksi zao wakinitazama. Nikaweka kikombe chini, nikaenda kuketi mkekani. Ndipo wakaketi.

Koko Sittina amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu. Mkeka umeshonwa kingo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na siku hizi wasichana wanaoleta maombi ya kazi hawaulizwi tena wamefuata vyombo.

Siku ya kuniaga nilichelewa kwa sababu nilipitia bandani kuisikiliza mashine ya pili kwa mara ya mwisho. Nilipofika, mkeka ulikuwa umejaa. Ninyi mabinti mlikuwa mmekaa katikati mnabishana juu ya gavana, kile kidhibiti mwendo cha mashine, wanaume wamebanwa kingoni, hapakuwa na nafasi hata ya goti. Mmoja wenu, Zalihata, aliniona. Akakimbia kuleta kiti, akakiweka palipokuwa wazi, mlangoni kando ya mtungi wa maji.

"Kaa hapa, koko," akaniambia, akanitekea maji, akarudi kubishana.

Nikakaa. Nilipokunywa ndipo machozi yalipoanza kunitoka, mkaharakisha kuniletea zawadi. Jiko ni zuri, nasema tena. Lakini sikuwa nalilia jiko.